Sale Nililompelekea Baba

Baba yangu alipewa nishani kwa sababu alimbeba mtu vitani. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni, na hivyo ndivyo nilivyowasimulia wenzangu shuleni, nikiongeza chumvi kila muhula mpaka yule mtu mmoja akawa watu watatu na Baba akawa amewabeba wote kwa mkupuo. Kwamba aliyebebwa alikuwa jirani yetu wa kilima cha pili, mtu asiye na miguu, nilikuwa najua vizuri. Ila kwenye hadithi zangu sikumtia. Hakufaa kuwemo, kwa sababu alikuwa akigeuza kiti kila Baba alipopita.

Nishani yenyewe ilikaa kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Mama ndiye aliyeifuta vumbi. Kila ilipokaribia Siku ya Mashujaa mwenyekiti wa kijiji alipanda mpaka kwetu kumwomba Baba aivae aende akaonekane wilayani, na Baba alisema, "Nitakuja, mwenyekiti, nimesikia." Siku ikifika ungemkuta ameinama anapalilia kahawa. Watu wakamsifu kwamba ni mnyenyekevu. Mimi iliniudhi. Nilikuwa na baba shujaa halafu hana msaada wowote kwangu, wakati nilijua watoto ambao baba zao wangeivaa nishani ile hata kwenda kisimani.

Alikuwa askari wa miguu katika vita vya Uganda. Alikwenda kijana, hajaoa, yeye na yule jirani pamoja. Walikuwa rika moja, walipata kipaimara siku moja katika kanisa moja. Walivuka Kagera wakaendelea kutembea. Ukimuuliza habari za vita alikuambia juu ya mvua, na ndizi za kuchemsha zisizo na chumvi, na migomba ya kule ilivyofanana na ya kwetu, hata mtu akizinduka usingizini anadhani yuko nyumbani Meru na sasa hivi ataitwa kukamua. Ukimbana zaidi alisema, "Tulitembea." Hapo ndipo vita vilipoishia.

Mimi na kaka yangu ndio tuliokuwa tunampelekea jirani maziwa, kibuyu kimoja kila jioni, kwa amri ya Baba. Tulimkuta mlangoni kwake juu ya kiti kifupi cha mbao, blanketi mapajani. Kwa sisi watoto hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alituigizia mchungaji anavyokohoa mara tatu kabla ya mahubiri. Wakati fulani kuku wake alianza kuatamia kiazi, na mkewe alipotaka kukiondoa alimkataza, akasema, "Mwache, ana imani." Basi kila jioni tulipofika alituuliza kwa sauti ya siri kama tunadhani kiazi kitaanguliwa leo au kesho, na yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Halafu Baba alipita njiani akitoka sokoni, na kile kiti kikasikika kikikwaruza sakafu ya udongo. Jirani alimpa mgongo. Baba alivua kofia, akasimama nje ya uzio kwa muda, akavaa kofia, akaenda. Miaka yote ilikuwa hivyo. Nilidhani waligombania mpaka, maana kwetu ugomvi usio wa mpaka ni wa mbuzi, na hawa hawakuwa na mbuzi. Jirani alipofariki nilikuwa darasa la sita. Kaburi kwetu huchimbwa na vijana, lakini siku ile Baba alilichimba yeye tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila kijana aliyemwomba jembe ampokee alimtazama tu.

Nayasema haya kama mtu aliyekuwa anayafikiria. Sikuyafikiria. Nilikua, nikateremka mjini, nikajifunza ushonaji. Sasa nina chumba cha kazi mtaa unaoitwa Kwa Mrombo ambako nashona sare za shule, na ninaishi Moshono. Kila Jumapili nilipanda Meru kuwaona wazee, nikala, nikapewa ndizi na parachichi, nikarudi. Baba alipata kisukari akakikubali kama alivyokubali kila kitu, kwa kutokukizungumza.

Kilichotuletea balaa ni mabuti ya mpira. Nilimnunulia mimi, kwa ajili ya matope ya masika, na yalikuwa yanambana kidogo. Mwenye sukari miguu yake hufa ganzi, hakusikia chochote. Aliyavaa hivyo wiki kadhaa. Siku moja Mama alinipigia simu nikiwa nakata kitambaa. Mama si mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Baba yako ananuka," alisema. "Njoo."

Nilimkuta amekaa, mguu wa kulia juu ya gunia, kidole gumba na cha pili vimekuwa vyeusi. Alikuwa anautazama mguu ule kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. Tulimteremsha hospitali mjini siku hiyo hiyo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu. Alimwamkia, "Shikamoo mzee," akavuta kiti, akakaa, akamweleza taratibu. Damu haifiki chini. Nyama imekufa na inaendelea kufa kuelekea juu. Tukikata sasa hivi, tunakata chini ya goti. Tukichelewa tutakata juu ya goti, na tukichelewa zaidi hatutakuwa na cha kukata, sumu itakuwa imeingia mwilini na tutampoteza.

"Nimesikia, dokta," Baba alisema. "Asante kwa kunieleza vizuri. Sikatwi."

Tulidhani ni mshtuko. Kesho yake akasema vile vile, kwa upole ule ule. Daktari akachukua kalamu akamchora mstari kwenye mguu pale weusi ulipofikia. Asubuhi iliyofuata weusi ulikuwa umeuvuka mstari kwa upana wa kidole. Akachora mwingine. Nilijikuta natoka nyumbani alfajiri nikiwahi saa ya kuona wagonjwa, na sikuwa namtazama Baba usoni tena. Nilikuwa nainua shuka kwanza niangalie mistari. Ukiwa fundi cherehani macho yako yamezoea vipimo. Nilijua mguu ule umebakisha kiasi gani kabla daktari hajaniambia.

Kaka yangu yuko Dodoma, na kwa simu hakuna jemadari anayemshinda. Alitoa amri: mwambieni hivi, mwiteni mchungaji, mwiteni Baba Mdogo. Mchungaji akaja akaomba. Baba akaitikia Amina, akamshukuru, akakataa. Baba Mdogo akaja, akaongea Kimeru nusu saa, akatoka anafuta jasho. Siku ya nne kaka akaniambia kwenye simu, "Si unajua, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikamkatia simu. Kuna methali zisizofaa kusemwa mbele ya baadhi ya vitanda, hata kama uko Dodoma.

Mimi mwenyewe sikuwa na uvumilivu. Nilizaliwa na hasira za upande wa Mama. Siku hiyo ya nne nilisimama katikati ya wodi ya wanaume nikapayuka.

"Baba, unakufa kwa ubishi! Mguu mmoja tu! Utatuacha kwa sababu ya mguu mmoja?"

Wodi nzima ikageuza vichwa. Baba akanitazama.

"Punguza sauti, mwanangu," alisema. "Humu kuna wagonjwa."

Nilitoka nikalia uani penye mabomba ya kufulia. Nilikuwa namwona mtu anazama na kamba ninayo mkononi, naye ameifumba mikono. Sijawahi kujiona mtu mdogo namna ile. Hata mashine yangu ya kushonea huwa inanisikiliza nikiipiga kofi.

Kesho yake asubuhi, nikiwa natoka nyumbani Moshono, nikapita kwenye uzio wa jirani yangu mwenye nyumba ya ghorofa. Amepanda maua ya kila namna, na katikati ya maua kuna masale. Nikasimama.

Kwa asiyejua, sale ni mmea wa majani marefu ambao sisi Wameru, na wenzetu Wachaga, tunaupanda mipakani na penye makaburi. Ukimkosea mtu kosa kubwa unampelekea jani lake, na akishalipokea amekusamehe. Naye hawezi kukataa. Anayekataa sale anajiitia laana yeye na uzao wake, na hilo halina ulokole wala usomi. Nimewaona wainjilisti wakilipokea kwa mikono miwili. Lakini ni jani la kuombea msamaha, wanaolipeleka ni wazee, na lina utaratibu wake. Si kitu cha kuchuma asubuhi ukiwa umechelewa bodaboda. Hayo nilikuwa nayajua. Nikajidanganya kwamba namwomba Baba radhi kwa kumpigia kelele wodini. Nilichokuwa nakijua hasa ni kwamba hatalikataa.

Nikachuma jani moja. Lilikuwa na mistari ya njano kandokando, ile aina ya mapambo. Nikalifunga fundo kama nilivyowahi kuwaona wazee wakifanya, nikalitia kwenye mkoba.

Baba alikuwa ameegemea mto. Weusi ulikuwa umeuvuka mstari wa tatu. Nilipiga goti pembeni ya kitanda, nikalitoa jani, nikampa kwa mikono miwili. Sikusema kitu, kwa sababu maneno yanayosemwa na jani lile siyajui.

Alilitazama kwa muda mrefu sana bila kulishika.

"Hili ni la maua," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

"Unaomba nini?"

Nilikuwa nimepanga kusema naomba radhi kwa kelele za jana. "Naomba usife," nikasema.

Nilifikiri atanifukuza. Akanyoosha mkono akalichukua, akalifungua lile fundo langu baya, akalizungusha jani kwenye kidole chake, akalikunjua, akalizungusha tena. Halafu akaniambia, "Kalete hiyo fomu yao."

Alisaini kwa mwandiko wake wa zamani uliolala. Daktari alimwuliza kama ana swali lolote, akasema hana, wakate wanapojua wao. Mimi nilikuwa nacheza moyoni. Nilikwenda kwenye ngazi nikampigia kaka yangu simu nikamwambia, "Mmeshindwa na mchungaji wenu. Nimemweza mimi." Kweli nilisema hivyo. Nimemweza.

Mama aliteremka kesho yake kwa ajili ya upasuaji. Walimpitisha Baba mbele yetu kwenye kitanda cha magurudumu, akatuinulia mkono kidogo, milango ikafungwa. Tukakaa kwenye benchi. Mama akatoa machungwa kwenye kikapu akaanza kumenya, maana hawezi kukaa bila kumenya kitu. Akaniuliza nilimshawishije. Nikamwambia. Nilimsimulia kwa madaha, na lile jani la njano, na fundo.

Kisu kikasimama kwenye ganda.

"Ulimpelekea sale," Mama alisema. "Wewe."

"Mama, tusingefanya hivyo angekufa."

Aliweka chungwa kikapuni, akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Ndipo akaniambia jambo ambalo amekuwa nalo tangu alipoolewa.

"Yule jirani naye alimpa sale," alisema. "Vitani kule. Unadhani masale yapo kwetu tu? Uganda nako wanayapanda mipakani. Bomu lilipomvunja, aliangukia mpakani mwa shamba la mtu. Baba yako akamfikia. Mwenzake alikuwa ameshaiona miguu yake ilivyo. Akachuma jani pale pale alipolala, akampa, ili asiweze kumkatalia. Akamwambia, niache hapa, nenda na wenzako. Akamwambia, kwetu ni mlimani, mtu asiye na miguu atapandaje, atateremkaje, ataishi akiwa mzigo wa nani. Baba yako akalipokea. Unanielewa? Alilipokea kwa mkono wake, akalitia mfukoni. Halafu akamtupa mwenzake begani akaondoka naye."

"Alimwokoa, Mama."

"Tangu asubuhi mpaka jua la utosini, risasi zinapita. Na yule mwenzake anampiga ngumi za mgongo, anamwambia, nishushe, umepokea sale langu, nishushe. Wakubwa waliokuwa mbele wakaona mtu anakuja na mtu begani. Wakaona ushujaa. Wakamwandika apewe nishani."

"Na jirani?"

"Akakatwa yote miwili. Si ndiye uliyekuwa unampelekea maziwa?"

Muuguzi alipita na sinia, viatu vyake vinalia sakafuni. Nikasema, kwa sauti ya lawama, kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Mama alisema. "Umechukua sale kama mtu anayechukua maandazi."

Nikainuka. Nilikwenda mpaka kwenye ile milango yenye vioo vilivyopakwa rangi nyeupe, nikainua mkono nigonge. Ningegonga niseme nini? Kwamba simamisheni, ruhusa ile nimeiiba? Kwamba mwacheni afe alivyotaka? Nilikuwa sitaki afe. Hata katika dakika ile, nikiwa najua nilichofanya, sikutaka kurudisha kitu chochote ila kujua kwangu. Nikarudi kwenye benchi. Mama akanipa chungwa, nikala, nikalia, wauza pipi wakapita mbele yetu, na ndani walikuwa wanamkata Baba mguu.

Alipozinduka jioni aliniona mimi kwanza. "Umekula?" aliniuliza. Nikasema nimekula. Akafumba macho.

Walikata chini ya goti. Daktari alifurahi sana. Alisema tungechelewa siku mbili hadithi ingekuwa nyingine. Kidonda kikapona vizuri, na baada ya wiki tatu tukaruhusiwa. Gari halifiki kwetu. Linaishia kwenye mfereji, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu kati ya migomba, na masika yalikuwa yameanza. Vijana wanne wa majirani walimbeba kwenye kiti, wanateleza, wanacheka, wanaambiana shika huko, inua huku. Walikuwa wanafurahi kumsaidia shujaa. Baba alifumba macho njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba magongo na mfuko wa dawa, na sikuthubutu kumwita.

Tangu siku hiyo anakaa mlangoni pa jikoni. Shamba lake analiona, limeshuka bondeni hatua thelathini kutoka pale, lakini mteremko ule na matope yale hayakubali magongo. Alijaribu mara moja akaanguka, Mama akamkuta amelala kando ya mti wa kahawa anapalilia kwa vidole. Nilileta mafundi waweke mbao njiani, mvua ikazichukua. Kaka yangu amesema atagharamia mguu wa bandia, na kila Jumapili ananipigia kunieleza aina za miguu ya bandia kana kwamba mimi ndiye nitakayeuvaa. Na kila kitu anachoambiwa, Baba anasema anashukuru. Ukimpa chai anashukuru, ukimhamisha kivulini anashukuru.

Nilitaka anigombeze. Nasema kweli, nilipanda mlima kila Jumapili nikiomba aniambie neno moja baya. Mtu akikugombeza unajua pa kusimama. Yeye ananiuliza kama sare zinatoka, kama wanafunzi wa mwaka huu ni wanene au wembamba.

Jumapili moja nikashindwa. Mama alikuwa kanisani. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake nikamwuliza.

"Baba, Mama ameniambia habari za jirani. Ulikubali kukatwa kwa sababu ya lile sale?"

"La kwanza nililipokea nikafanya nilichotaka mimi," alisema. "Nisingeweza kufanya hivyo mara mbili."

"Mimi sikujua."

"Na mimi nilikuwa kijana. Nilisema, akifika hai atashukuru. Nikasema, mbele ya uhai hakuna mtu anayebaki na hasira." Akatikisa kichwa. "Miaka kumi na sita sikusikia sauti yake. Nilikuwa nasimama pale uzioni, namwambia moyoni, basi nitukane. Hakuwahi hata kunitukana. Nilimbeba nikampeleka kukaa mlangoni."

Nikasema lililonijia. "Lakini alikuwa anacheka."

"Nani?"

"Jirani. Sisi tulipompelekea maziwa. Alikuwa anacheka sana."

Baba akageuka mzima mzima kunitazama. "Alikuwa anacheka?"

Nikamwambia habari za mchungaji na kikohozi. Nikamwambia habari za kuku na kiazi, na mkewe na "mwache, ana imani". Baba alisikiliza amekunja uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Nilipomaliza akasema, "Rudia hiyo ya kiazi." Nikarudia. Akauliza kuku alikuwa wa rangi gani. Akauliza mwisho wake ulikuwaje, na nikamwambia kiazi kilichipua chini ya kuku, jirani akatangaza kwamba ni pacha. Baba akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. Alijifunika uso kwa mkono. "Hakuna aliyeniambia," alisema. "Miaka yote hiyo. Hakuna aliyeniambia."

Nilidhani kwamba hapo nimempa kitu. Nilidhani nimelipa. Nilirudi Moshono mwepesi, na wiki nzima nilishona nikiimba. Nilikuwa hata nimempigia kaka yangu bila yeye kunipigia, kuuliza zaidi kuhusu hiyo miguu yake.

Jumapili iliyopita nilipanda mapema. Mama alichemsha maji, nikayapooza kwenye beseni, nikakaa chini kumwosha Baba mguu uliobaki. Daktari alituagiza tuukague kila siku, Mama anaukagua, lakini macho ya Mama siku hizi yana ukungu. Baba alikuwa na mazungumzo. Alinisimulia, bila kuulizwa, jinsi jirani alivyokuwa anaimba wakitembea usiku na mchana kwenda mbele, sauti ya chini inayotingisha kifua cha aliye mbele yake. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Nilisabuni kisigino, nikapita kati ya vidole, kimoja baada ya kingine, na kati ya kidole kidogo na mwenzake nikaona doa. Jeusi, ukubwa wa harage. Nilibonyeza. Hakushtuka, aliendelea kusimulia.

Nikabonyeza tena, kwa nguvu. Akanyamaza.

Nilikuwa na mguu wake mikononi mwangu na maji yananidondoka viwikoni. Nilijua hospitali iko wapi na daktari ni nani. Nilijua tungeteremka siku hiyo hiyo tungewahi. Na nilijua kwamba nikifungua mdomo atanikatalia kwa upole ule ule, au hatanikatalia, kwa sababu ni mimi, na sikujua lipi kati ya hayo mawili ninaliogopa zaidi. Nikainua uso. Alikuwa ananitazama, na niliona kwamba ameshajua, labda tangu juzi, na hakumwambia Mama.

"Osha, mwanangu," alisema. "Maji yanapoa."

Nikaosha.